Siku ya Kwanza kwenye Mfumo Mgeni: Maneno Yanayookoa na Maneno Yanayopoteza Mafaili

Chukuliwe mfano wa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari ambaye kwa miaka kumi ametumia kompyuta yenye mfumo wa Windows. Humo ametunga mitihani, ametunza alama za wanafunzi na ameandika nusu ya mswada wa kitabu. Kompyuta hiyo imechakaa, naye amenunua nyingine ya kupakata, iliyotumika kidogo na kuja na Windows yake. Jana alihamishia humo mafaili yake yote, akaisafisha ile ya zamani na kumwachia mdogo wake. Leo, kwa ushauri wa rafiki, ameamua kuweka mfumo wa Ubuntu katika kompyuta hiyo mpya. Amechomeka flashi yenye mfumo huo na kuiwasha mashine. Baada ya hatua chache, kiwambo kinamwekea machaguo mawili mbele yake: kufuta diski na kusakinisha Ubuntu, au kusakinisha Ubuntu kando ya Windows.

Mwalimu huyu si mjinga wa kompyuta. Anajua kuchapa, kupanga jedwali na kutuma baruapepe. Anachokosa ni uhakika wa jambo moja: neno hili analoliona sasa linafanya nini? Neno «kufuta» amelizoea ubaoni na katika orodha ya mafaili. Katika kiwambo hiki neno hilohilo lina nguvu nyingine kabisa, na akilibofya bila kulielewa, miaka kumi itatoweka kwa dakika chache.

Makala haya yanaeleza maneno ambayo mtumiaji wa Kiswahili hukutana nayo siku ya kwanza kwenye mfumo asiouzoea. Mfano unaotumika ni uhamaji kutoka Windows kwenda Ubuntu, kwa kuwa watu wengi wako katika safari hiyo: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai maunzi ambayo kompyuta nyingi zilizo nzima hazina. Hoja ya makala ni kwamba istilahi ya kompyuta haipimwi kwa uzuri wa umbo lake peke yake. Hupimwa pia kwa swali hili: je, inamwambia mtumiaji kitakachotokea kwa mali yake?

Jina la kifaa na jina la mfumo

Kifaa chenyewe kina majina kadhaa. *Kompyuta mpakato* linatokana na kitenzi *pakata*, yaani kumweka mtoto au kitu juu ya mapaja. *Kipakatalishi* linaunganisha kitenzi hichohicho na umbo la *tarakilishi*, neno linalotumika zaidi nchini Kenya kwa maana ya kompyuta. Katika mazungumzo husikika pia *laptopu*. Yote yanaeleweka, ila upatanisho wake unatofautiana. *Kompyuta mpakato* hufuata kompyuta: *kompyuta mpakato hii imeharibika, kompyuta mpakato hizi zimeharibika*. Kusema «mipakato hii» ni kulifanya neno la kufafanua liwe nomino kuu. *Kipakatalishi* ni cha ngeli ya KI-VI: *vipakatalishi hivi vimeharibika*.

Ndani ya kifaa mna *mfumo wa uendeshaji*, au kwa ufupi *mfumo endeshi*. Huu ndio msimamizi wa shughuli zote: hupokea kinachochapwa, hugawa kumbukumbu na huamua programu ipi itumie diski wakati gani. Windows ni mfumo endeshi. MacOS ni mwingine. Ubuntu ni mfumo uliojengwa juu ya Linux, kiini ambacho Linus Torvalds wa Ufini alianza kukiandika mwaka 1991. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na namba za matoleo yake husomeka kama tarehe: 24.04 ni toleo la Aprili 2024. Jina lenyewe si geni kwa sikio la Mswahili. Mzizi wake, *-ntu*, ndio ule uliobaki katika Kiswahili kama *-tu*, wenye kuzaa *mtu*, *watu* na *utu*. Mwaka huohuo wa 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyotokana na mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kutafuta maneno ya Kiswahili kwa ajili ya programu za namna hii si kazi iliyoanza jana.

Kusakinisha na kusanidi

*Sakinisha* linatokana na *sakini*, yaani kukaa mahali na kuwa mkazi wake. Kusakinisha programu ni kuipa makazi katika kompyuta. Taswira hii inafaa, kwa sababu inamkumbusha mtumiaji kwamba programu iliyopakuliwa bado haijawa mkazi. *Pakua* ni kama kutoa chakula chunguni na kukitia sahani: kimefika karibu, lakini hakijaliwa. Wanafunzi wengi hupakua programu, wakaitafuta katika menyu na kushangaa hawaioni. Imepakuliwa, haijasakinishwa.

*Sanidi* lina matatizo zaidi. Waandishi wengine hulitumia kwa maana ileile ya kusakinisha. Wengine hulitumia kwa maana ya kurekebisha mipangilio ya kitu ambacho tayari kimo. Mwongozo unaosema «sanidi printa» unaweza kusomwa kwa njia mbili: weka programu ya printa ambayo haimo, au rekebisha printa iliyomo. Njia salama ni kuyatenga maneno haya: *sakinisha* kwa kuweka kisichokuwemo, *sanidi* kwa kupangilia kilichomo. Ugumu unabaki katika kinyume chake. *Sanidua* limeundwa kwa kauli ya kutendua, kama *ziba* na *zibua* au *funga* na *fungua*, na katika simu nyingi hutumika kwa maana ya kuondoa programu. Anayetenga *sakinisha* na *sanidi* atajikuta na *sanidua* inayopingana na *sakinisha*. Kwa sababu hiyo *ondoa programu* ni bora katika maelekezo ya wanaoanza: ni neno la kila siku na halina mashaka.

Kuumbiza na kufuta

Hapa ndipo penye hatari. *Umbiza* limetokana na *umba*, na nomino yake ni *umbizo*. Katika programu ya kuandikia, kuumbiza matini ni kuipa sura: kukoza herufi, kupanua pambizo, kupanga aya. Hakuna neno linalopotea. Katika zana za diski, kuumbiza ni kuiandaa diski upya ili ipokee mafaili kwa mpangilio mpya, na vilivyomo havitapatikana tena kwa njia ya kawaida. Mitaani watu husema *kufomati*, na fundi wa simu akisema «nitaifomati» kila mtu anajua kwamba picha zitaondoka. Ajabu ni kwamba neno la mtaani limebeba onyo ambalo neno sanifu halina. Mwalimu aliyefundishwa *kuumbiza aya* darasani hana sababu ya kuogopa *kuumbiza diski*.

*Futa* lina ngazi tatu. Kufuta faili kwa kawaida ni kulipeleka kwenye *tupio*, ambako linaweza kurejeshwa. Kumwaga tupio ni kuondoa nafasi hiyo ya kulirejesha kwa urahisi. Kufuta diski nzima ni kama kufuta ubao wa darasa kabla wanafunzi hawajanakili. Lugha inatumia kitenzi kimoja kwa ngazi zote, na mtafsiri hawezi kuubadili mfumo. Anachoweza ni kulikamilisha neno kwa yambwa na matokeo yake. «Futa diski» ni tafsiri sahihi lakini haitoshi. «Futa diski nzima pamoja na mafaili yote yaliyomo, kisha sakinisha Ubuntu» ni ndefu zaidi, na inamwokoa mtu.

Chaguo la pili alilowekewa mwalimu, *kusakinisha kando ya Windows*, hufanya kazi tofauti. Kisakinishi hupunguza eneo la Windows na kukata sehemu ya diski kwa ajili ya mfumo mpya. Sehemu hiyo huitwa *kizigeu*, neno la pazia au ubao unaogawa chumba. Taswira hii ni nzuri kwa kufundishia: nyumba ni moja, chumba kimegawanywa, na wakazi wawili hawachanganyi vyombo. Kompyuta inapowashwa, mtumiaji huulizwa aingie upande upi. Ipo pia njia ya tatu kwa mwenye wasiwasi: *kujaribu* Ubuntu moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Ili mradi mtumiaji hagusi mwenyewe zana za diski, kilichomo ndani ya kompyuta hubaki kilivyo, na akiizima na kuchomoa flashi hurudi alikoanzia.

Kuhifadhi na kuweka akiba

Kabla ya chaguo lolote kati ya hayo, mwalimu anapaswa kuwa na mafaili yake mahali pa pili. Kitenzi *hifadhi* humchanganya hapa. Katika menyu ya faili, *hifadhi* ni kuandika kazi kwenye diski isipotee programu ikifungwa. Katika maelezo ya kompyuta, *hifadhi* kama nomino ni nafasi ya diski yenyewe. Na katika maelekezo mengi ya usalama, «hifadhi mafaili yako» humaanisha uwe na nakala nyingine nje ya kompyuta. Mwalimu anayesoma sentensi hiyo ataitikia kwa dhati kwamba amekwisha kuhifadhi, kwa maana kila jioni alibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Nakala zote bado zimo katika diski ileile inayokaribia kufutwa.

Istilahi iliyo wazi ni *nakala rudufu*, na maelezo yake mepesi ni *nakala ya akiba*. Neno *akiba* lina faida ya kuja na hekima yake: akiba haiozi, na hakuna anayeelewa akiba kuwa kitu kilichowekwa katika mfuko uleule wa matumizi. Sentensi ya mwongozo iwe: *nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ichomoe, kisha endelea*. Kuna jambo la ziada kwa wanaotoka Windows: kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa *usimbaji*, na huenda zikadai *ufunguo wa urejeshaji* wenye tarakimu 48 baada ya mabadiliko kama haya. Ufunguo huo ni kitu tofauti na nywila ya kuingilia, na unapaswa kunakiliwa kabla ya kazi kuanza. Mfasiri asiuite *nywila*. Msomaji ataingiza nywila yake, akataliwe, na asijue kwa nini.

Nywila isiyoonekana na amri mbili zinazofanana

*Nywila*, *nenosiri* na *neno la siri* ni majina ya kitu kimoja. Mwandishi achague moja na abaki nalo katika mwongozo mzima, kwa kuwa msomaji mgeni hudhani majina matatu ni vitu vitatu.

Mshangao hutokea katika *terminali*, dirisha la kuandikia amri. Mtumiaji akiamuru jambo linalohitaji mamlaka ya msimamizi, mfumo humwuliza nywila. Anapoichapa, mara nyingi hakuna nyota wala nukta inayotokea, kishale hakisogei. Wengi hudhani kibodi imekufa, wakaanza kubonyeza kwa nguvu. Kibodi ni nzima. Mfumo unaficha hata idadi ya herufi. Sentensi moja ya Kiswahili, *herufi hazitaonekana unapochapa. Maliza, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza*, huondoa dakika nyingi za hofu.

Mwongozo wa Ubuntu humpa mtumiaji amri mbili mapema: sudo apt update na sudo apt upgrade. Tafsiri nyingi huzipa zote neno *sasisha*, lililoundwa kutokana na *sasa* kwa maana ya kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Lakini amri ya kwanza haibadilishi programu yoyote: husasisha *orodha* tu, ili kompyuta ijue matoleo mapya yaliyopo. Ya pili ndiyo inayosakinisha matoleo hayo. Ni sawa na kupata bei mpya za sokoni na kwenda sokoni kununua. Kwa hiyo ya kwanza iitwe *kusasisha orodha ya programu* na ya pili *kuboresha programu zilizomo*.

Njia ya kulifikia faili

Katika Windows, diski huitwa kwa herufi, na mwalimu amezoea kusema «liko kwenye C». Katika Linux hakuna C wala D. Mafaili yote yako chini ya mti mmoja unaoanzia kwenye *mzizi*, unaoandikwa kwa mkwaju mmoja tu: /. Flashi ikichomekwa huwa tawi la mti huohuo. Hapa Kiswahili kina nafasi ya kufanya vizuri kuliko lugha iliyoyazaa maneno haya, kwa kuwa katika Linux jina moja hutumika kwa chanzo cha mti wa mafaili na pia kwa mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo: *mzizi* ubaki kwa mti, na mtumiaji aitwe *msimamizi mkuu*. Mfasiri anayemwita mtu «mzizi» amefasiri umbo na kuiacha maana.

Tofauti nyingine ni ya tahajia. Katika Windows, *Mtihani.docx* na *mtihani.docx* huhesabiwa kuwa jina moja. Katika Linux ni mafaili mawili yanayoweza kukaa bega kwa bega katika folda moja. Mwalimu anayebadili herufi kubwa na ndogo bila mpango atasahihisha nakala moja na kuchapisha nyingine. Mafaili yenyewe, hata hivyo, hayapotei kwa kuhama mfumo: yaliyoandikwa kwa umbizo la docx hufunguka katika LibreOffice, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo. Yasiyofunguka ni programu zilizoundwa kwa ajili ya Windows, zile zenye majina yanayoishia kwa .exe. Hizo hutafutiwa mbadala katika ghala la programu la Ubuntu.

Kibodi na sauti ya ng'

Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama za juu, na kwa hilo mwandishi wake ana bahati. Alama moja tu humpa taabu: ritifaa ya *ng'*. Wakati wa kusakinisha, mfumo huuliza mpangilio wa kibodi. Akichagua ule wa Marekani wa kimataifa, kitufe cha ritifaa hugeuka kuwa kitufe cha kusubiri, yaani husubiri herufi inayofuata ili kuipa alama ya juu. Mwalimu anachapa *ng'ombe* na kupata «ngómbe». Anachapa *ng'amua* na kupata «ngámua». Tiba ya papo hapo ni kubonyeza nafasi mara baada ya ritifaa. Tiba ya kudumu ni kuchagua mpangilio wa kawaida wa Kiingereza cha Marekani, au mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania, ambayo imo katika orodha za Linux.

Suala hili si la urembo. *Ng'oa* ni kutoa kitu kwa mizizi yake. *Ngoa* ni wivu au tamaa. Aidha, programu za kuandikia mara nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Anayetafuta neno katika kamusi ya mtandaoni au katika mswada wake anaweza kuambiwa halimo, na kumbe limo kwa ritifaa ya umbo jingine. Mtafsiri anayefanya kazi na kumbukumbu za tafsiri achague umbo moja na kulizingatia tangu siku ya kwanza.

Saa ya mashine na saa ya Waswahili

Mfumo mpya huuliza pia eneo la saa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Aliyeweka mifumo miwili kando kwa kando anaweza kuona jambo la ajabu: akitoka Ubuntu na kuingia Windows, saa imerudi nyuma kwa saa tatu, na saa tisa alasiri imekuwa saa sita mchana. Mashine haijaharibika. Linux kwa kawaida huandika saa ya dunia katika saa ya ndani ya kompyuta, na Windows huisoma namba hiyo kana kwamba ni saa ya mahali. Kuiambia Windows ilinganishe saa yake na mtandao hurekebisha hali hiyo kwa wakati huo.

Tatizo la kiisimu ni kubwa zaidi. Kompyuta ikiwekwa Kiswahili huweza kuonyesha namba za hesabu ya kigeni zikiwa na majina ya nyakati ya Kiswahili. «Saa 8:00 asubuhi» humshtua msomaji kidogo, kwa sababu saa nane ya asubuhi haipo. «Saa 9:00 usiku» ni mtego kamili: mashine inamaanisha saa tatu usiku, Mswahili anasoma saa tisa usiku, na zote mbili zipo. Katika mipangilio inafaa kuchagua hesabu ya saa 24, ili 21:00 isomwe kama namba ya mashine, na katika barua za mikutano saa iandikwe kwa maneno.

Huria na bure

Mwalimu ataambiwa kwamba mfumo huu «ni wa bure». Ni kweli kwa upande wa malipo, ila maelezo hayo hayajakamilika. Kiswahili kinatenganisha *bure*, kisicholipiwa, na *huria*, kisichofungwa. *Programu huria* ni ile ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Programu inaweza kuwa ya bure bila kuwa huria. Tena *bure* lina maana ya pili ya kazi isiyo na faida, kama katika *kujisumbua bure*, na msikilizaji anaweza kuvuta dharau hiyo hadi kwenye programu yenyewe. Uhuria ndio unaowaruhusu wasemaji wa Kiswahili kuzifasiri menyu wao wenyewe, na wakiona neno limepotosha, kulirekebisha.

Muhtasari wa matumizi

- *Pakua*: leta faili kutoka mtandaoni. Kinyume: *pakia*.
- *Sakinisha*: ipe programu makazi katika kompyuta. Kinyume kinachopendekezwa: *ondoa programu*.
- *Sanidi*: rekebisha mipangilio ya kitu kilichokwisha kusakinishwa.
- *Umbiza*: kwa matini, toa sura. Kwa diski, liambatane daima na onyo: *yaliyomo yatafutika*.
- *Futa*: taja kinachofutwa, na kama kinaweza kurejeshwa au la.
- *Hifadhi*: kuandika kazi kwenye diski. Lisitumike peke yake kwa maana ya *nakala rudufu*.
- *Nywila*: ya mtumiaji. *Ufunguo wa urejeshaji*: wa diski iliyosimbwa.
- *Kizigeu*: sehemu ya diski iliyotengwa.
- *Mzizi*: chanzo cha mti wa mafaili. *Msimamizi mkuu*: mtumiaji mwenye mamlaka yote.
- *Sasisha orodha* na *boresha programu*: amri mbili, majina mawili.

Mwalimu wa mfano wetu bado ameketi mbele ya kiwambo chake. Akiwa ameelewa maneno haya, hatabofya chaguo lolote kwa sasa. Atarudi nyuma, atazima kompyuta, ataiwasha kwa Windows na kunakili mswada, mitihani na alama kwenye diski ya nje. Ataichomoa diski hiyo na kuiweka kabatini. Ndipo atakaporudi kwenye swali lile na kulijibu apendavyo. Kama mwongozo alioupewa ulimwambia tu «hifadhi mafaili yako, kisha umbiza diski», kila neno lake lilikuwa la Kiswahili sanifu, na bado ungemwacha mikono mitupu.